Kumpiga Picha Inzi Mdogo kwa Ubora Unaotosha Kumtambua

Picha nyingi za inzi wadogo zinazopelekwa kwa wataalamu hurudi na jibu lilelile: familia inajulikana, jenasi inakisiwa, spishi haiwezi kutajwa. Mara nyingi kamera haina kosa. Mpigapicha amepata macho mekundu yanayong'aa na nyuma yake kijani laini, lakini mabawa yamelaliana, miguu imekatwa na ukingo wa picha, na sehemu ya kifua ambayo ingetoa jibu imemulikwa kupita kiasi hadi ikawa doa jeupe. Kipepeo au ndege huweza kutambuliwa kwa sura yake ya jumla. Inzi mdogo hutambuliwa kwa mishipa ya bawa, kwa nywele ngumu zilizopangwa kichwani na kifuani, kwa umbo la kipapasio na kwa viungo vya miguu. Kwa hiyo anayetaka jina la inzi hana budi kujua kwanza ni sehemu zipi zitakazoulizwa, ndipo aelekeze lenzi huko.

Oda ya inzi, yaani Diptera, ina spishi zaidi ya 150,000 zilizokwisha kupewa majina, na mbu na usubi wamo humohumo. Mmoja wa wadogo kuliko wote wanaojulikana, Euryplatea nanaknihali wa Thailand, alielezwa mwaka 2012, na urefu wake ni milimita 0.4 tu, huyo ni wa hadubini, wala si wa kuwindwa kwa kamera majanini. Maelezo haya yanahusu hasa inzi wa milimita 2 hadi 7, ambao jicho linawaona vizuri lakini alama zao haliwezi kuzisoma.

Sehemu za mwili zinazotoa jibu

Bawa ndilo la kwanza. Inzi ana mabawa mawili tu. Jozi ya pili imekuwa viungo vidogo vyenye umbo la kirungu, vinavyomsaidia kujiweka sawa anaporuka. Mishipa inayopita ndani ya bawa ina mpangilio ambao haubadiliki sana ndani ya familia au jenasi, na ndiyo sababu funguo za utambuzi, yaani orodha za maswali yanayomfikisha msomaji kwenye jina hatua kwa hatua, huurudia mara kwa mara. Chukua inzi watatu wa kijivu: inzi wa nyumbani (Musca domestica), Fannia canicularis, ambaye ni mwembamba kidogo, na Stomoxys calcitrans, ambaye huuma. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni wamoja. Katika picha safi ya bawa, mmoja wa mishipa mirefu ya Musca hupinda kwa ghafla karibu na ncha ya bawa na kuukaribia mshipa ulio mbele yake. Mshipa huohuo kwa Fannia huenda moja kwa moja hadi ukingoni, na kwa Stomoxys hupinda kwa upole. Picha ya ubavuni inamaliza shaka iliyobaki, kwa kuwa Stomoxys ana mrija mweusi mgumu unaochomoza mbele ya kichwa, ilhali mdomo wa Musca ni laini na hukunjwa chini. Ukitazama kifua kutoka juu, Musca ana mistari minne ya giza na Fannia ana mitatu. Picha tatu zilizolengwa vyema zinatosha kuwatenganisha inzi ambao picha ishirini za uso kwa uso zisingewatenganisha.

Kuna mishipa mingine ambayo ni rahisi kuipuuza kwa sababu imekaa kwenye kona ya nyuma ya bawa, karibu na mwili. Familia za Muscidae na Anthomyiidae hufanana sana, na mojawapo ya tofauti kubwa kati yake ni kama mshipa mdogo wa nyuma unafika ukingoni mwa bawa, kama ilivyo kwa Anthomyiidae, au unakatika kabla ya kufika, kama ilivyo kwa Muscidae. Kona hiyo ndiyo inayofichwa inzi anapokunja mabawa juu ya mgongo, kwa hiyo inafaa kuitafuta kwa makusudi. Vivyo hivyo, inzi wa maua wa familia ya Syrphidae ana mshipa wa uongo, mstari mfupi katikati ya bawa usioungana na mishipa mingine, na mbung'o ana chumba kimoja cha bawa chenye umbo la shoka ambacho kikionekana hakuna haja ya kubishana tena.

Baada ya bawa zinakuja nywele ngumu. Hizi si manyoya ya kawaida yaliyotapakaa mwilini. Ni nywele nene zinazoota mahali maalumu, na mwelekeo wake una maana. Nyuma ya vijicho vitatu vilivyo utosini huwa kuna jozi moja ya nywele ambazo kwa familia ya Drosophilidae na ya Lauxaniidae ncha zake huelekeana, na kwa Agromyzidae, ambao mabuu wao huchimba njia ndani ya majani, ncha zake huachana. Pembeni mwa macho, inzi wa Drosophilidae ana kwa kila upande nywele tatu, moja imeinamia mbele na mbili zimeinamia nyuma. Kifuani, nywele huhesabiwa kwa safu, mbele na nyuma ya mfereji unaokata mgongo. Anayepiga picha hahitaji kuyakariri majina ya safu hizo zote, lakini anahitaji picha ambamo kila unywele unaonekana unapoanzia na unapoelekea.

Kipapasio cha inzi wengi ni kifupi na kina unywele mmoja unaoitwa arista. Arista inaweza kuwa tupu, ikawa na vinyweleo vifupi, au ikawa na matawi marefu, na tofauti hiyo hutumika katika familia nyingi. Inaonekana vizuri zaidi kwa ubavu, na kichwa kikiwa kimegeuka kidogo kuelekea kamera. Picha ya ubavu huonyesha pia kama chini ya kigao kidogo cha nyuma ya kifua kuna uvimbe wa pili, alama ya inzi wa Tachinidae ambao mabuu wao huishi ndani ya wadudu wengine. Ukiwa juu huwezi kuuona hata ukipiga picha mia. Katika miguu, tazama kiungo cha kwanza cha wayo wa mguu wa nyuma: kwa Sphaeroceridae ni kifupi na kimevimba. Macho nayo hueleza jinsia, kwani katika familia nyingi macho ya dume hugusana utosini na ya jike huachana, na kwa baadhi ya makundi ufunguo wa madume na wa majike hautumiki kwa pamoja.

Ziko alama ambazo picha ya inzi aliye hai huzihifadhi kuliko kielelezo cha makumbusho. Mistari ya rangi kwenye macho ya pange, na mng'ao wa macho ya Dolichopodidae, hufifia baada ya mdudu kufa na kukauka. Mpigapicha anayefanya kazi yake kwa makini huacha ushahidi ambao sindano na sanduku haviwezi kuutunza, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuifanya kazi hii kwa heshima yote.

Ukuzaji

Lenzi ya makro ya kawaida hufikia ukuzaji wa 1:1, maana yake milimita moja ya mdudu huchukua milimita moja ya sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea picha. Kwa kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 na pikseli 6,000 kwa upana, milimita moja hupata takriban pikseli 167, kwa hiyo inzi wa milimita 3 anapata pikseli 500 tu kutoka kichwa hadi mwisho wa fumbatio. Hizo zinatosha kuona mishipa mikubwa ya bawa na rangi, lakini unywele wenye unene wa mikroni 20 unapata pikseli tatu, na ukitikisika kidogo umepotea. Ukifika 2:1 inzi huyohuyo anapata pikseli 1,000, na ndipo nywele zinapoanza kuhesabika. Kwa inzi wa milimita 5 hadi 7, 1:1 inatosha kwa kazi nyingi. Kwa wa milimita 2 hadi 3, lenga 2:1 au zaidi. Kamera yenye sensa ndogo zaidi, lakini yenye idadi ileile ya pikseli, huweka pikseli nyingi zaidi kwa kila milimita, kwa hiyo kwa kazi hii mwenye kamera ndogo hana sababu ya kujiona amepungukiwa.

Si lazima kununua lenzi ya makro ili kuanza. Mirija tupu inayokaa kati ya kamera na lenzi huongeza ukuzaji kwa kadiri ya urefu wake: mirija ya jumla ya milimita 50 pamoja na lenzi ya milimita 50 hutoa karibu 1:1. Lenzi ya nyongeza ya dioptria 8, ikifungwa mbele ya lenzi ya milimita 200, hutoa takriban 1.6:1, na inzi huwa umbali wa sentimita 12 hivi kutoka mbele ya lenzi hiyo, nafasi inayotosha kuingiza mwanga bila kumgusa. Lenzi ya milimita 50 iliyogeuzwa nyuma mbele na kuunganishwa na lenzi ya milimita 100 hutoa 2:1, na ubora wake mara nyingi huwashangaza watu. Kwa simu, lenzi ndogo ya kubana ndiyo njia; inafanya kazi kwa umbali wa sentimita chache, hivyo inafaa kwa inzi watulivu na kwa vioo vya madirisha. Ukitumia simu, zima kila kipengele kinacholainisha au kurembesha picha, kwa sababu programu hizo hufuta vinyweleo zikidhani ni kasoro.

Kina cha fokasi

Ugumu mkubwa wa kazi hii uko hapa, na hakuna kifaa kinachouondoa kabisa. Kwa 1:1 na tundu la lenzi la f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sehemu inayoonekana kwa ukali ina kina cha takriban milimita 1. Kwa 2:1 na tundu hilohilo, kina hushuka hadi takriban milimita 0.36. Jibu linalokuja haraka ni kufunga tundu hadi f/22, na ndilo jibu linaloharibu picha nyingi, kwa kuwa kadiri ukuzaji unavyopanda ndivyo tundu linavyofanya kazi kama dogo zaidi: zidisha namba ya tundu kwa ukuzaji ulioongezwa moja. Tundu la f/11 kwa 2:1 hufanya kazi kama f/33, na kwenye kiwango hicho mwanga hujipinda kwenye kingo za tundu na kuifanya picha nzima kuwa laini. Picha huonekana kama kila kitu kimo ndani ya fokasi, lakini ukiikuza huoni unywele hata mmoja wenye ukingo safi. Kwa kadiri nilivyoona, f/8 hadi f/11 kwa 1:1, na f/5.6 hadi f/8 kwa 2:1, ndiyo mipaka ya kufanyia kazi.

Kwa kuwa kina ni kidogo, tiba iliyo bora ni kupanga uso wa sensa uwe sambamba na sehemu unayoitaka. Ukitaka bawa, zungusha kamera hadi bawa lote lilale sambamba na sensa, hata kama kichwa kitaingia ukungu. Ukitaka mgongo wa kifua, simama juu yake wima. Ukitaka ubavu, shuka hadi kamera iwe usawa mmoja na miguu ya inzi. Picha ya pembe ya nusu-nusu, ile ambayo inzi anatazama kona ya picha, hupendeza machoni lakini humpa mtambuzi theluthi ya bawa, theluthi ya uso na mguu mmoja. Ipige ukipenda, ila isiwe ndiyo pekee uliyonayo.

Acha fokasi ya kamera ijiendeshe yenyewe pale tu unapopiga 1:1 au chini ya hapo. Juu ya hapo, weka ukuzaji unaoutaka, zima fokasi ya kujiendesha, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma kwa milimita hadi sehemu uliyoikusudia inapokuwa kali, na ubonyeze papo hapo. Mkono wa kushoto ushike kikonyo cha jani alilotua inzi, na pipa la lenzi lilazwe juu ya kifundo cha mkono huohuo. Kwa mtindo huo jani, inzi na lenzi vinatikisika pamoja, na upepo ambao ungeharibu kila picha unakuwa hauna nguvu tena. Stendi ya miguu mitatu haisaidii sana kwa inzi aliye hai, kwani ukimaliza kuirekebisha ameshaondoka.

Mwanga

Kwa ukuzaji huu mwanga wa jua mara nyingi hautoshi, na ukitosha huwa mkali upande mmoja na giza upande mwingine. Flashi hutatua mambo mawili kwa pamoja: hutoa mwanga wa kutosha kwa tundu dogo, na mmweko wake, hasa ikitolewa kwa sehemu ndogo ya nguvu yake, ni mfupi kiasi cha kugandisha mtikisiko wa mkono. Anza na shata ya sekunde 1/200, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya 100 hadi 400, na flashi kwenye 1/8 au 1/16 ya nguvu yake, kisha urekebishe kwa kutazama picha ya kwanza. Ikiwa inzi ni mweusi, punguza hofu ya picha kuwa na mwanga mwingi. Ikiwa anameta kama Lucilia au Chrysomya wa kijani, punguza mwanga hadi mng'ao wa kifua usiwe jeupe tupu, kwa kuwa chini ya jeupe hilo ndiko nywele zinakoanzia.

Flashi tupu haifai. Mwili wa inzi unaakisi kama kioo kidogo kilichobinuka, na flashi isiyotawanywa huacha nukta kali juu yake na kuficha kila kilicho jirani. Weka kati ya flashi na inzi karatasi nyeupe nyembamba, plastiki ya maziwa au kipande cha sponji jembamba, kipana kadiri inavyowezekana na karibu na inzi kadiri anavyovumilia. Upana wa karatasi ukilinganishwa na inzi ndio unaoamua ulaini wa mwanga, kwa hiyo karatasi ya sentimita 10 iliyo sentimita 5 kutoka kwa inzi ni bora kuliko kubwa zaidi iliyo mbali.

Mwanga laini hata hivyo una kasoro yake. Inzi wengi wana vumbi la kijivu au la fedha juu ya kifua na fumbatio, na michoro ya vumbi hilo, ambayo funguo hutegemea sana, hubadilika kadiri pembe ya mwanga na ya kutazama inavyobadilika. Doa linaloonekana jeusi kutoka mbele linaweza kuwa la kijivu kutoka nyuma. Piga basi picha mbili au tatu za mgongo, kila moja kwa mwanga unaotoka upande tofauti, ili msomaji wa picha aone ni alama zipi ni za rangi ya mwili wenyewe na zipi ni za vumbi. Nywele nazo zina sharti lake: za giza huonekana zikiwa na kitu cheupe nyuma yake, na za njano huonekana zikiwa na kitu cha giza. Kuhama sentimita mbili ili unywele uangukie juu ya anga badala ya shina la giza kunaweza kuokoa picha nzima.

Bawa hutaka mwanga unaopita ndani yake. Hapa kioo cha dirisha kinastahili sifa zaidi ya inavyopewa. Inzi wadogo walioingia ndani huenda dirishani wakitafuta mwanga, hutembea juu ya kioo bila haraka, na nyuma yao huwa kuna anga jeupe linaloyaonyesha mabawa kama mchoro wa wino. Ukiwa ndani unapata mgongo na mabawa. Ukitoka nje na kupiga kupitia kioo hichohicho unapata tumbo, miguu na mdomo, sehemu ambazo majanini ni nadra sana kuzipata. Safisha kioo kwanza, weka lenzi sambamba nacho kabisa, na elekeza flashi kwa mshazari ili mwako wake usirudi ndani ya lenzi.

Kumkaribia inzi aliye hai

Macho ya inzi warukao kwa kasi hutofautisha mimweko zaidi ya 200 kwa sekunde, wakati macho ya binadamu hukomea karibu 60, kwa hiyo mwendo unaouona wewe kuwa wa haraka yeye anauona polepole na mapema. Kinachomtisha zaidi ni mwendo wa pembeni na kivuli kinachompitia. Msogelee kutoka mbele au nyuma kwa mstari mnyoofu, ukiwa chini, jua likiwa mahali ambapo kivuli chako hakimfikii, na kamera ikiwa tayari jichoni tangu hatua ya kwanza, ili usilazimike kuinua mkono ukishafika. Piga picha ya kwanza ungali mbali, hata kama itakuwa ndogo, kisha uendelee kusogea. Picha hiyo ndiyo ushahidi utakaobaki akiruka.

Asubuhi na mapema, mwili wa inzi ungali na baridi, hukaa kwa muda mrefu na haoni haja ya kuruka. Wengine hutulia wakijisafisha, wakisugua miguu ya mbele na kupitisha ile ya nyuma juu ya mabawa, na kwa mpigapicha hizo ndizo dakika za kungojewa, kwa sababu bawa hufunguliwa na kuinuliwa moja moja. Inzi wa Sepsidae, wenye kiuno kama cha sisimizi, hutembea wakipunga mabawa yao yenye doa karibu na ncha, na wengi wa Tephritidae huyazungusha mabawa yao yenye michoro wakiwa wamesimama; mchoro huo ndio karibu jibu lote, hivyo ngojea bawa linapogeukia lenzi. Akiruka, usiondoke. Inzi wengi hurudi kwenye jani lilelile au la jirani, na ukikaa bila kutikisika fokasi yako itakuwa tayari inamngojea.

Mara tu anapotulia, fuata utaratibu usiobadilika, kwani usipokuwa nao utapiga picha thelathini za pembe moja: mgongo kwanza, kisha bawa, kisha ubavu, kisha uso, kisha miguu. Mgongo huanza kwa sababu ndiyo pembe inayompa mtambuzi mengi zaidi kwa mara moja. Usiikate miguu ukingoni. Angalia pia kama mwili umepauka na mabawa yamekunjamana kidogo. Huyo ametoka kwenye pupa karibuni, rangi zake bado hazijakomaa, na picha yake itampotosha yeyote atakayeilinganisha na maelezo ya mtu mzima.

Inzi aliyepoozwa, na kuunganisha picha

Kuna inzi ambao hawatapigika wakiwa huru. Mmoja anaweza kuingizwa kwenye chupa ndogo na kuwekwa ndani ya friji, si kwenye sehemu ya kugandishia, kwa dakika chache hadi aache kutembea. Akitolewa utakuwa na muda mfupi kabla hajaamka, kwa hiyo taa, ukuzaji na fokasi viwe vimeandaliwa mapema kwa kutumia punje ya kitu chenye ukubwa wake. Mlaze juu ya karatasi ya kijivu iliyo kavu. Matone ya umande yakitokea mwilini yasubiri yakauke, maana yanafanana na alama za fedha. Akimaliza kupashwa moto ataruka mwenyewe, na inapasa aachiwe pale alipokamatwa.

Kwa inzi asiyetikisika, kina kidogo cha fokasi kinaweza kuzidiwa kwa kupiga picha nyingi, kila moja ikiwa mbele kidogo ya iliyotangulia, kisha kuziunganisha kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker. Hatua kati ya picha na picha iwe ndogo kuliko kina chenyewe, tuseme milimita 0.2 kwa 2:1 na f/8. Matokeo huwa ya kuvutia, na ndiyo maana nasisitiza tahadhari moja: programu hizo hukosea mahali ambapo nywele zinapishana. Unywele mmoja unaweza kutokea kama miwili, au ukakatika katikati, au ukapata utando mweupe pembeni. Anayehesabu nywele katika picha iliyounganishwa anapaswa kupewa pia picha za awali mbili tatu za eneo hilo, na usiziondoe kwenye diski hadi jina lipatikane.

Baada ya kupiga

Hifadhi faili ghafi za kamera. Rekebisha mwanga na rangi nyeupe, kata picha ili inzi ajaze fremu, lakini usiongeze ukali hadi kingo ziwe na mistari meupe, na usitumie upunguzaji wa chembe kwa nguvu, kwani kitu cha kwanza kufutwa ni vinyweleo vya arista. Vifaa vya akili bandia vinavyodai kurejesha maelezo yaliyopotea visitumiwe kabisa kwenye picha za utambuzi: huchora nywele zinazoelekea kuwepo, na mtambuzi atazihesabu kama zilizokuwepo.

Vipimo vinapatikana kwa urahisi ukikumbuka kupiga picha ya rula ya milimita kwa ukuzaji uleule, kabla ya kubadilisha chochote kwenye lenzi. Hesabu pikseli kwa milimita moja ya rula, kisha pima inzi kwa pikseli hizohizo. Pima urefu wa mwili na wa bawa kila mmoja peke yake, kwa sababu fumbatio hunywea au kuvimba kwa chakula na mayai, ilhali urefu wa bawa haubadiliki.

Pamoja na picha andika tarehe, mahali, aina ya makazi, na alichokuwa akifanya inzi: alikuwa juu ya ua gani, juu ya samadi, juu ya tunda lililooza, au alitoka kwenye jani lenye vijia vya mabuu. Kwa Agromyzidae, picha ya jani lenye vijia hivyo na jina la mmea vinaweza kumfikisha mtaalamu mbali zaidi kuliko picha ya inzi mwenyewe, kwa hiyo ligeuze jani na upige pande zake zote mbili.

Zipo spishi ambazo hata picha bora haitazitenganisha. Drosophila melanogaster na Drosophila simulans wanafanana mno. Madume hutofautishwa kwa uhakika kwa umbo la sehemu za uzazi zilizo mwishoni mwa fumbatio, na majike ni vigumu sana kutenganishwa kwa kutazamwa. Inzi wa nyama wa Sarcophagidae, wenye mistari mitatu kifuani, nao huhitaji kuchunguzwa sehemu za uzazi za dume chini ya hadubini. Kwa makundi kama hayo andika jina hadi pale ushahidi unapofika, yaani jenasi au familia, na umpe mtaalamu picha ya ziada ya ncha ya fumbatio kwa ubavu na kwa chini, kwani kwa baadhi ya madume ambao sehemu hizo zimechomoza wakati wa kupandana au baada yake, picha hiyo imetosha kufikia spishi bila inzi kuuawa.